Kichuguu cha Mama Pascalia

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mwalimu Kemunto ametuamuru tuandike shajara mpaka filamu zetu ziishe, halafu akasema hatazisoma. Nikauliza, sasa tunamwandikia nani? Akasema, "Andika tu, Kageha. Mwezi wa tano utajua." Haya, naandika. Huyu mwalimu ananiudhi na ninampenda, yote kwa wakati mmoja.

Niko mwaka wa mwisho wa uzamili, filamu za hali halisi. Vifaa ni vichache, kwa hiyo tunapangwa wawili wawili, na mimi nimepewa Willis ashike sauti. Willis anatoka Lurambi, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, na kila kitu kwake ni "fiti". Kamera ni yetu mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo inaenda kwa wengine, hata ukilia machozi ya damu.

Sheria za Mwalimu ni mbili. Ya kwanza, usipange tukio wala usimwambie mtu arudie. Ya pili, mwenye kupigwa picha ndiye wa kwanza nje ya darasa kuiona filamu, kabla ya watahini, na akisema kitu kitolewe unajadiliana naye, huendi kujificha. Ya pili inanitia hofu.

Alhamisi, 13 Machi

Tumempata mtu wetu! Anaitwa Pascalia, mjane, anakaa huku Kabras, upande unaopakana na msitu wa Buyangu. Katikati ya shamba lake kuna kichuguu kirefu kunishinda, na kila mwaka mvua zikianza yeye hukipigia ili kumbikumbi watoke. Mimi nimekulia Amalemba, mjini. Kumbikumbi ninaowajua ni wa sokoni, wamekaangwa tayari na kufungwa kwenye gazeti. Sikujua kwamba kichuguu kina mwenyewe, tena kinarithiwa, na kwamba ukipigia cha jirani umeiba.

Alivyotueleza ni hivi. Unasimika fito juu ya matundu, unafunika kwa blanketi na majani ya mgomba mpaka ndani kuwe giza, unaacha upenyo mmoja tu wa mwanga, na chini ya upenyo huo unachimba shimo. Kisha unalaza kipande cha mti chini na kukigonga kwa vijiti viwili, kama mvua inayoanza. Kumbikumbi wakisikia hutoka, hufuata mwanga, huanguka shimoni.

"Kwa hivyo unawadanganya," Willis akasema.

"Nawaita," akasema Mama Pascalia. "Wewe ukiitwa kula, umedanganywa?"

Nikajua hapo hapo kwamba nina filamu.

Jumanne, 18 Machi

Leo tumekutana na Isaiah, mwanawe wa kwanza. Ana duka la vipuri vya pikipiki Malava na amejenga nyumba yake hapo hapo bomani. Nilimwomba aongee mbele ya kamera na hakukataa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akakunja mikono, akamaliza maneno yake yote kwa pumzi moja.

"Hii kichuguu ilikufa na mzee. Mwaka juzi hakuna kitu, mwaka jana hakuna kitu. Mayi anasemanga anawasikia wakitembea huko ndani. Mayi anazeeka, anasikianga vitu. Hakuna mtu huko ndani. Mimi nataka kupanda miwa na hii kitu imekaa katikati ya shamba. Nimempatia msimu huu mmoja. Wakitoka, inabaki. Wasipotoka, mwisho wa mwezi wa tano naleta trekta. Si nimekuwa mtu mzuri?"

Mama Pascalia, huyo Mayi wake, alikuwa anachambua mboga hatua chache tu kutoka hapo. Alisikia kila neno. Nilipomfuata akaniambia bila kuinua macho, "Tulikuwa tunapiga pamoja. Mzee alipiga mti mkubwa, mimi mdogo. Watu wa hapa wote walikulanga kwetu. Sasa wananiamkia kwa huruma, 'pole Mama Isaiah, pole Mama Isaiah.' Mimi sitaki pole. Nataka watoke."

Isaiah nimemchukia. Najua mtengeneza filamu hapaswi kumchukia mtu anayempiga picha. Nimemchukia hivyo hivyo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza. Mbu pia.

Jumatano, 2 Aprili

Amepiga kutwa. Saa tisa mvua ikamwagika, tukakimbilia ndani. Hawakutoka.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumejaribu mahojiano nyumbani kwake. Mvua juu ya mabati, hata yeye mwenyewe hakusikia sauti yake. Willis amevua vipokea sauti masikioni na kusema, "Hii si fiti." Nilicheka nikasahau kukasirika.

Ijumaa, 11 Aprili

Hawakutoka.

Jumanne, 15 Aprili

Hawakutoka. Shida ni kwamba kumbikumbi wanataka ardhi iliyolowa na mchana mkavu, na mwaka huu kila mchana tukijipanga, wingu moja linatoka msituni. Leo Mama Pascalia amelitazama wingu akalipigia kelele kama mtu anayefukuza mbuzi wa jirani. Halikusikia.

Jumanne, 22 Aprili

Nimempelekea Mwalimu Kemunto picha za mwezi mzima. Amezitazama zote, kalamu mdomoni. Kichuguu asubuhi, kichuguu na ukungu, kichuguu na ndege juu. Nilikuwa najivunia ule ukungu.

"Kichuguu nimekiona," akasema. "Mama yuko wapi?"

"Si yuko pale, Mwalimu. Anapiga."

"Naona mgongo na mikono. Unamwogopa?"

Nikamwambia filamu inahusu kichuguu. Akanirudishia picha zangu. Nimetoka pale nimevimba. Willis ananiambia mwalimu yuko sahihi, nikamwambia akae upande mmoja.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimetulia. Yuko sahihi. Yule mwalimu anajua ukifumba macho nyuma ya kamera.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Mama Pascalia hajui sikukuu. Amepiga tangu saa tano. Mkono wake wa kulia umevimba, ameufunga kitambaa na kuendelea. Nilimwambia, "Mama, pumzika kidogo." Akaniambia, "Nikipumzika watajua mvua imekatika." Kwa nini watu wa aina hii hawaandikwi kwenye magazeti? Hawakutoka.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua saa tisa. Hawakutoka. Isaiah amepita na pikipiki, akatusalimia vizuri tu, akamletea mama yake dawa ya kuchua mkono. Sijui niweke wapi jambo hilo, kwa maana nilikuwa nimeshamweka mahali pake.

Alhamisi, 15 Mei

Mungu wangu.

Usiku mvua ilinyesha, asubuhi jua likatoka kali, na hadi saa sita hakukuwa na wingu hata la kufutia meza. Mama Pascalia alikuwa ameshafunika kichuguu tulipofika. Alikuwa na haraka ambayo sijawahi kumwona nayo. "Leo," akasema.

Nikakumbuka maneno ya Mwalimu. Nikaamua leo ni uso tu, kwa karibu, uso wa Mama Pascalia na kitu kingine chochote kisiingie. Shida, alikaa mahali penye kivuli cha mgomba na uso ulikuwa mweusi kabisa kwenye kamera. Basi nikatoa lile bango la kung'aa la kurudisha mwanga, nikaliegemeza kwenye mti nyuma ya kichuguu, nikaligeuza mpaka jua likamdunda shavuni. Uso ukawaka! Willis akamvika maiki ndogo kwenye leso, akaketi. Nilijiona fundi.

Alipiga muda mrefu sana. Mimi jicho kwenye kamera, sikuona kingine zaidi yake. Ghafla nikasikia Willis akipiga kelele, "Kageha! Nyuma! Wanatoka nyuma!"

Ewe msomaji ambaye haupo, hebu fikiria. Kumbikumbi hufuata mwanga. Mama alikuwa amewafunga kila mahali isipokuwa upenyo mmoja, na mimi, kwa bango langu la fedha, nimewamulikia mgongo mzima wa kichuguu mpaka mwanga ukapenya kwenye kingo za blanketi. Waliuacha upenyo wa mama wakafuata wangu. Walitoka kwa nyuma kama moshi, mabawa yakimetameta, wakapaa juu ya mgomba. Shimoni hakuanguka hata mmoja.

Niliruka. Willis alivua vipokea sauti akaruka. Tulikimbia kama wehu, yeye na kofia yake kichwani, mimi na sufuria, tukijaribu kuwashika kwa mikono na kuwakosa. Mama Pascalia peke yake hakuinuka. Nilipogeuka nilimkuta bado anagonga. Kisha wingu la msituni likafika kwa wakati wake, mvua ikapiga, na wale wachache waliobaki wakaanguka kwenye tope. Nikasema angalau tuwaokote. Tulipotoka mvua ilipopungua, kuku walikuwa wameshafika. Kuku wote wa kijiji, nadhani. Waliosalia tuliwahesabia mabawa tu, na mabawa hayo yangeweza kuwa ya mdudu yeyote.

Isaiah akarudi jioni. Mama yake akamwambia mlangoni, "Wametoka."

"Wako wapi?"

"Wameruka. Wengine kuku wamekula."

Isaiah alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Halafu akaona uso wa mama yake, akaacha. "Pole, Mayi. Lakini sisi si tuliongea?" Akanigeukia mimi. "Wewe ulikuwa na kamera. Nionyeshe."

Nikamwonyesha kwenye kile kioo kidogo, bila sauti. Uso wa mama yake. Uso, uso, uso, halafu kamera inatikisika mimi nikiruka, halafu uso tena. Hakuna kumbikumbi hata mmoja.

"Mimi naona mama tu," Isaiah akasema, na akasema kwa upole, hapo ndipo iliponiuma zaidi. "Trekta inakuja tarehe thelathini na moja."

Mama Pascalia hakunilaumu. Alinipa chai. Ningependa angenitukana.

Ijumaa, 16 Mei

Sijalala. Willis amekuja na wazo, na wazo lenyewe si la kijinga. Jirani mmoja, mzee Wanyonyi, kichuguu chake kimetoa kumbikumbi jana jioni na kitatoa tena. Twende tupige picha kwa karibu, matundu na mabawa tu, tubandike katikati ya ule uso. Nani atajua? Isaiah ataona, trekta litabaki Malava, mama atabaki na chake. "Kwani ni uongo?" Willis akasema. "Si walitoka kweli?"

Nakiri nilitaka. Si kwa ajili ya filamu hata kidogo, nilitaka kwa ajili yake. Nikaona bora nimwambie mwenyewe, maana naye angekuwa ndani ya siri hiyo. Alikuwa anatwanga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Isaiah nimemnyonyesha mimi," akasema. "Nikitaka kumdanganya nitamdanganya kwa mdomo wangu, si kwa video. Kama hataniamini mimi, kumbikumbi wa Wanyonyi watanisaidia nini?" Akaendelea kutwanga. Baada ya muda akasema, "Bado kuna siku. Kesho njooni mapema."

Willis akavua kofia yake. Tangu Machi sijawahi kumwona akiivua.

Jumatatu, 19 Mei

Hawakutoka.

Alhamisi, 22 Mei

Hawakutoka. Mkono wa kulia umekataa kabisa, anapiga kwa kushoto.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua kutwa. Amekaa mlangoni na vijiti vyake mapajani. Nimekaa naye. Sikuwasha kamera.

Jumanne, 27 Mei

Nimemwonyesha Mwalimu filamu yote, dakika ishirini. Nilimwambia kabla hajauliza, "Sina mwisho. Tukio lenyewe lilinipita, nilikuwa natazama upande mwingine." Nilikuwa nimeukata ule uso nikabakiza kidogo tu, kwa aibu.

Akasema, "Lete ile ya siku hiyo. Yote, usikate." Akavaa vipokea sauti, akakaa, akazima taa. Baada ya muda akanyoosha mkono bila kunitazama na kunishika bega. Alinishika hivyo mpaka picha ikaisha.

"Umesikia anachosema?" akaniuliza.

Sikuwa nimesikia kitu. Mimi nilikuwa nakimbia na sufuria, Willis alikuwa amevua vipokea sauti, na baadaye kila nilipoitazama niliizima sauti kwa sababu ya kelele zetu za kipumbavu. Lakini maiki ilikuwa kwenye leso ya Mama Pascalia. Nimesikia leo. Siandiki hapa, yeye hajaisikia bado, na yeye ndiye wa kwanza.

Mwalimu amesema tuweke yote, bila mkato, na kwamba anakuja nasi keshokutwa. Kumbe mwaka mzima nilidhani anatafuta makosa yangu. Alikuwa anatafuta filamu.

Alhamisi, 29 Mei

Mwalimu Kemunto amekuja kwa pikipiki, projekta mapajani imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, viatu vyake vyote tope, na hakulalamika. Mama Pascalia alichinja kuku. "Huyu alikula kumbikumbi wangu," akasema, "sasa sisi tutakula yeye." Tulikula ingokho na obusuma, kuku na ugali, tukashiba. Isaiah alikuja kwa sababu mama yake amepata wageni, na mtoto wa kwanza hawezi kukosa. Aliketi karibu na mlango, kama mtu wa kuondoka.

Tulifunika madirisha kwa leso, tukatundika shuka jeupe ukutani. Mvua ilikuwa haijaanza. Niliomba isianze.

Mama Pascalia alicheka kujiona akilipigia kelele wingu. Ilipofika sehemu ya Isaiah kwenye kiti cha plastiki, "Mayi anazeeka, anasikianga vitu, hakuna mtu huko ndani," Isaiah akatazama chini.

Kisha uso ukaja. Ukutani ulikuwa mkubwa kama mlango. Anagonga, midomo inatembea kidogo. Anagonga. Muda unapita, unaona jasho likiteremka. Halafu macho yake yanainuka, yanapita kamera, yanakwenda juu upande wa kichuguu, na uso wote unafunguka. Sijui neno jingine. Miaka inamtoka. Nyuma unasikia wapumbavu wawili wakipiga kelele, na yeye hata hajui kama wapo. Haachi kugonga. Anageuza kichwa kushoto kwake, pale ambapo hakuna mtu, na anasema kwa sauti ya chini, kama mke anayemwita mumewe aliye chumba cha pili:

"Baba Isaiah. Njoo uone. Wametoka."

Na anabaki akitazama pale, akitabasamu, akingoja mtu asogee karibu. Halafu unamwona anakumbuka. Bado hakuacha kugonga.

Shuka likawa jeupe tena. Hakuna aliyeinuka kufungua madirisha.

"Rudisha," Isaiah akasema.

Willis akarudisha. Tukaitazama tena. Isaiah alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Mayi, ulikuwa unaongea na baba?"

"Nilisahau," akasema Mama Pascalia. "Ile furaha ilinisahaulisha. Nikadhani yuko, nikamwita."

Isaiah alitoka nje. Nilitaka kumfuata, Mwalimu akanizuia kwa kidole kimoja. Alirudi baadaye uso umelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha. Akaketi, safari hii karibu na mama yake, na akazungumza na Mwalimu kama anayezungumza na hakimu.

"Mwalimu, nimesikia mtu anaweza kuomba kitu kitolewe. Pale mahali naongea mimi. Ile maneno ya kusema hakuna mtu ndani. Naomba mtoe."

Mwalimu akanitazama mimi. Filamu ni yangu, jibu ni langu. Moyo wangu ulisema mpe. Huyu mtu niliyemchukia tangu Machi alikuwa anaomba kitu kidogo sana. Nikafungua mdomo kusema sawa, lakini Mama Pascalia akanitangulia.

"Iache."

"Mayi, watu wataniona mbaya."

"Watakuona umekataa. Halafu kila wakiitazama hapa kijijini, watakuona umekaa kando yangu. Wakitoa ile ya kwanza, hii ya pili watu wataijua aje?" Akampapasa goti kwa ule mkono uliovimba. "Iache, mwanangu. Mimi sina aibu na wewe."

Isaiah akaitikia kwa kichwa. Nimesoma miaka miwili jinsi ya kupanga filamu na sijawahi kusikia mtu akiipanga vizuri hivyo. Mwalimu Kemunto alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya leso, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

Ijumaa, 30 Mei

Kamera imerudishwa. Filamu imewasilishwa. Haina kumbikumbi hata mmoja.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda Kabras bila kitu chochote mkononi. Isaiah hakuwa amesema lolote kuhusu trekta, na hakuna aliyemuuliza. Saa tatu likaja, kubwa, jekundu, likipiga kelele toka barabarani. Mama Pascalia alikuwa mlangoni. Alinishika mkono akanibana vidole mpaka vikauma.

Dereva alilima mistari ya kwanza kando ya ua. Kila akigeuka alikisogelea kichuguu. Isaiah alikuwa anatembea mbele yake na jembe begani, na sikuweza kuuona uso wake kutoka tulipokuwa. Walipofika pale, Isaiah akasimama, akanyoosha mkono wote upande wa kushoto.

Dereva akapunguza moto. "Boss, si nipitishe tu? Hiyo ni udongo. Ni dakika moja."

"Zunguka," Isaiah akasema.

"Utapoteza mistari mingi ya miwa hapa."

"Nimekuambia zunguka. Kuna watu ndani."